Miji Miwili, Mlima Mmoja

Hadithi, hadithi! Itikieni kwa sauti, maana ya leo ni ndefu. Haina sungura wala fisi. Ina mlima ambao ndovu huingia tumboni mwake usiku, ina nyoka aliyekatwa kichwa, ina reli, ina punje ya mahindi iliyovuka bahari. Yote yametukia Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya, na mengi yake unaweza kuonyeshwa mahali pake kwa kidole.

Nawasimulia kwa sababu wapo watoto wanaoweza kutaja mto unaopita Paris, lakini hawajui nani alikuwa akilima shamba la jirani yao miaka mia moja iliyopita. Wamefundishwa kwamba historia hutokea mbali. Sivyo, wajukuu wangu. Dunia imepita hapa kwenu mara nyingi, na kila ilipopita iliacha alama. Nitawaonyesha baadhi ya alama hizo.

Mlima na mto

Simama Kitale asubuhi ambapo mawingu yametawanyika. Magharibi utauona Mlima Elgon, mashariki utaiona milima ya Cherangani. Katikati imetandazwa nchi pana ya Trans Nzoia, kwenye mwinuko wa mita 1,900 hivi kutoka usawa wa bahari. Ndiyo sababu ya baridi ile inayowafanya wanafunzi wa Kitale wasiachane na sweta mwezi wa Julai. Sasa teremka kuelekea kusini-magharibi, upite Kiminini, Kamukuywa na Kimilili hadi Bungoma. Umeshuka hadi mita 1,400 hivi. Jua limekuwa kali zaidi, na kando ya mahindi umeanza kuona miwa, migomba na kahawa.

Elgon ilikuwa volkeno. Moto wake ulizimika zamani sana, ukaacha shimo kubwa huko juu na udongo wenye rutuba huku chini. Kilele chake kirefu kuliko vyote, Wagagai, kina mita 4,321 na kiko upande wa Uganda, kwa maana mpaka wa nchi mbili unapita juu ya mlima huu. Mlima wenyewe haujui mpaka. Wabukusu wa Kenya na Wagisu wa Uganda, ambao ni ndugu, wote huuita Masaba. Wasabaoti wameishi kwenye miteremko yake tangu kale, na Waogiek wa Chepkitale wamerina asali katika misitu yake vizazi na vizazi.

Ubavuni mwa mlima kuna mapango. Mvumbuzi Mskoti Joseph Thomson alipofika mwaka 1883 alikuta familia zikiishi humo pamoja na mifugo yao, salama dhidi ya maadui na mvua. Pango mashuhuri zaidi leo ni Kitum, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon iliyoanzishwa mwaka 1968. Ndovu huingia Kitum usiku, hupapasa njia gizani kwa mkonga, kisha hukwangua kuta kwa pembe zao na kula mawe yaliyovunjika. Wanatafuta nini? Chumvi. Majani ya msituni hayawapi chumvi ya kutosha, lakini mwamba wa volkeno unayo. Ndovu wa kizazi kimoja humwongoza ndovu wa kizazi kingine, na kuta za pango zimejaa alama za pembe zao.

Kutoka Elgon na Cherangani hutiririka maji yanayokutana katika Mto Nzoia. Mto huu unaanzia Cherangani, unapita Moi's Bridge, unaporomoka kwenye maporomoko ya Nabuyole huko Webuye, kisha unaendelea hadi Budalang'i, ambako unaingia Ziwa Victoria baada ya safari ya kilomita 257 hivi. Kenya ina vyanzo vikuu vitano vya maji milimani: Mlima Kenya, Aberdare, Mau, Cherangani na Elgon. Viwili kati ya hivyo vinazungumza na Kitale kila asubuhi. Likumbukeni jambo hili, nitalirudia kabla hatujaagana.

Mango na nyoka

Wabukusu, ambao ndio wengi katika Kaunti ya Bungoma, wanasimulia hivi. Zamani palikuwa na joka kubwa lililokaa pangoni na kuwaua watu na mifugo. Hakuna aliyethubutu kulikaribia. Mtu mmoja aliyeitwa Mango alilemewa na uchungu wa wanawe waliouawa, akaapa kulimaliza. Majirani zake wa jamii za Kikalenjin, ambao Wabukusu huwaita Barwa, walikuwa wakitahiri vijana wao. Wakamwambia: ukiweza kuliua joka hilo, umestahili kutahiriwa.

Mango alinoa panga lake, akaingia pangoni joka likiwa limekwenda mawindoni, akajificha mlangoni. Liliporudi, likatanguliza kichwa. Mango akakata mara moja. Kichwa, wasema wazee, kiliruka kikauma mti uliokuwa nje, na mti ule ukanyauka papo hapo. Mama yake Mango alikuwa amekwisha kumlilia akidhani amekufa. Mango akarudi mzima, akatahiriwa, na tangu siku hiyo Wabukusu wakaishika desturi ile. Pango lenyewe lipo hadi leo katika nchi ya Bungoma. Huitwa Mwiala wa Mango.

Angalieni jambo moja katika kisa hiki. Desturi ambayo Mbukusu huiona kuwa kiini cha utu wake, kisa chenyewe kinakiri kwamba ilitoka kwa jirani. Wazee waliotunga masimulizi haya hawakuona aibu kusema hivyo.

Hadi sasa, kila mwaka unaogawika kwa mbili, mwezi wa Agosti, barabara za Bungoma na Trans Nzoia hulia kengele. Kijana anayetaka kutahiriwa huzipiga njuga za chuma ziitwazo chinyimba, akizunguka kwa ndugu na jamaa kuwaalika. Lazima afike kwa mjomba wake, kaka yake mama. Mjomba huchinja mnyama na kumvisha kijana shingoni ukanda wa nyama, kama alama kwamba upande wa mama umeridhia. Alfajiri ya siku yenyewe hupelekwa mtoni, hupakwa tope mwili mzima, na kipande cha nyasi hupachikwa utosini. Kutoka mtoni hadi uani mwa baba yake husindikizwa kwa wimbo wa Sioyaye. Mbele ya ngariba husimama wima, macho mbele, bila kupepesa.

Akishapona, huingia rika lake. Wabukusu wana marika manane: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Marika haya huzunguka, hata jina moja hurudi baada ya miaka mia moja hivi. Kwa hiyo kijana hupokea jina walilolibeba watu waliokuwa vijana enzi ya babu wa babu yake. Siku hizi familia nyingi humpeleka kijana hospitalini, na nyingine huunganisha desturi na daktari. Jina la rika halibadiliki kwa hilo.

Chetambe

Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa Waingereza walikuwa wakijitandaza kutoka Mumias. Wabukusu walikuwa na bunduki walizozipata kwa njia ya biashara na kwa askari watoro. Waingereza walituma kikosi kwenda kuzinyang'anya, kikauawa. Mwaka 1895 wakarudi na jeshi kubwa likiongozwa na Charles Hobley: askari Wasudani, pamoja na wapiganaji kutoka jamii nyingine za Kiafrika.

Wabukusu walijenga ngome za udongo zenye mahandaki. Ngome ya Lumboka ilianguka. Waliobaki wakajikusanya katika ngome ya kilima kinachoitazama Webuye, iliyochukua jina la mzee wa Kitachoni, Chetambe. Walipigana kwa mikuki, mishale na bunduki chache dhidi ya bunduki za kisasa. Walishindwa, na wengi wakafa. Mahandaki yale bado yanaonekana kilimani. Ukipita Webuye kwenye barabara kuu ya kwenda Uganda, inua macho ukitazame kilima hicho. Kuna watu waliokataa kutoa nchi yao bila kupigana, na walifia pale juu.

Walowezi, reli na klabu

Kabla ya Waingereza, misafara ya wafanyabiashara ilikuwa imekwisha kupita upande wa Kitale, ikitafuta pembe na watumwa. Katika uwanja wa Klabu ya Kitale kuna mduara wa mawe ambao masimulizi ya mji yanasema ndipo mateka walipofungiwa usiku, kabla ya kuendelea na safari ndefu ya pwani. Walowezi Wazungu walipofika kuanzia mwaka 1908, na kuongezeka baada ya mwaka 1919 wakati serikali ilipowagawia mashamba askari waliotoka katika Vita vya Kwanza vya Dunia, walijenga klabu yao papo hapo.

Trans Nzoia ikawa sehemu ya nchi iliyotengewa Wazungu peke yao. Mwafrika hakuruhusiwa kumiliki shamba huku, hata kama babu yake alichunga ng'ombe juu ya udongo ule ule. Wasabaoti walisukumwa kuelekea mlimani. Wabukusu na wengine waliajiriwa kama maskwota: walifanya kazi kwa mlowezi, naye akawaruhusu kulima kipande kidogo na kufuga ng'ombe wachache, hadi atakapobadili nia.

Miaka ya 1920 reli ilivuka kutoka Nakuru hadi Eldoret, ikaendelea kupitia Webuye na Bungoma kuelekea Uganda. Mwaka 1926 tawi lake likafika Kitale. Tazameni ramani ya reli hiyo nanyi mtaelewa tabia ya kila mji. Bungoma ilikua kama kituo cha njiani, mahali ambapo bidhaa na watu hupita kwenda Tororo na Kampala. Kitale ilikuwa mwisho wa reli, kwa hiyo ikawa ghala: mahindi ya walowezi yalikusanywa hapa yakapakiwa. Na kwa kuwa reli iliishia hapo, yeyote aliyetaka kwenda Pokot au Turkana alianzia Kitale. Hadi leo malori ya Lodwar hujaza mizigo yake hapo.

Walioinuka

Kutoka Kimilili alitokea kijana hodari wa kandanda, Elijah Masinde. Alichezea Kenya katika Kombe la Gossage, mashindano ya nchi za Afrika Mashariki. Baadaye akaanzisha Dini ya Msambwa, iliyowaita watu kurudi kwa Mungu wa mababu na kuwataka wageni warudishe ardhi. Serikali ilimfunga, ikamwachilia, ikamkamata tena. Tarehe 10 Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake huko Malakisi, wakaua watu kadhaa. Masinde aliwekwa kizuizini mbali na kwao kwa miaka mingi. Alifariki mwaka 1987, na jina lake bado hutajwa kwa heshima, ingawa wengine walimwogopa.

Mwaka 1952 dunia ilielekeza macho kilomita chache kaskazini mwa Kitale, huko Kapenguria. Jomo Kenyatta na wenzake watano walishtakiwa kwamba waliongoza Mau Mau. Kapenguria ilichaguliwa kwa kuwa ilikuwa mbali na watu. Hapakuwa na hoteli, kwa hiyo wakili D. N. Pritt kutoka Uingereza na wenzake walilala Kitale na kusafiri barabara ya vumbi kila siku ya kesi. Aprili 1953 hukumu ilitolewa: hatia. Miaka kumi baadaye mfungwa Kenyatta alikuwa anaiongoza Kenya huru.

Miaka hiyo hiyo Masinde Muliro, mwana wa Kimilili, alikuwa miongoni mwa Waafrika wanane wa kwanza kuchaguliwa kwa kura kuingia Baraza la Kutunga Sheria, mwaka 1957. Mwingine aliyetoka huku ni Michael Kijana Wamalwa, mbunge wa Saboti, aliyekuwa Makamu wa Rais alipofariki Agosti 2003.

Punje iliyovuka bahari

Sasa nifikie mahindi, kwa sababu hapa ndipo Kitale ilipobadilisha chakula cha taifa zima.

Mwaka 1955 utafiti wa kuboresha mahindi ulianza Kitale, na mwaka uliofuata ikaanzishwa kampuni ya mbegu, Kenya Seed, ambayo mwanzoni ilizalisha mbegu za nyasi za malisho. Mtafiti Michael Harrison alikuwa na mahindi mazuri ya hapa hapa, yaliyoitwa Kitale Synthetic II. Akayakutanisha na mahindi yaliyotoka Ekuado, Amerika Kusini. Kwa nini Ekuado? Nchi hiyo nayo iko kwenye ikweta, nayo ina milima mirefu. Mahindi yake yalikuwa yamezoea siku na baridi zinazofanana na za Kitale. Watoto wa mahindi hayo mawili waliwapita wazazi wote wawili kwa nguvu. Mwaka 1964 mbegu hiyo ilitolewa kwa wakulima ikiitwa Hybrid 611.

Mbegu ya namna hii huzalishwa kwa uangalifu. Mistari ya mahindi mama hupandwa kando ya mistari ya mahindi baba. Mmea wa mahindi una maua dume kileleni, yale yaitwayo mbelewele, na maua jike ni zile ndevu zinazotoka kwenye gunzi. Kabla mbelewele za mahindi mama hazijamwaga unga wake, wafanyakazi hupita mstari kwa mstari na kuzing'oa zote. Hivyo ndevu za mama hupata unga wa baba peke yake. Mstari mmoja ukisahauliwa, mbegu ya shamba zima inaharibika. Na ndiyo maana mkulima akipanda tena mahindi aliyovuna, hapati mavuno yale yale: nguvu ile ya kizazi cha kwanza hupungua.

Wataalamu wengi duniani waliamini kwamba mbegu bora ni ya mashamba makubwa tu. Wakulima wadogo wa Bungoma na Trans Nzoia waliwaonyesha vingine. Waliipokea kwa kasi, wakapanda robo ekari, nusu ekari, wakavuna kuliko walivyowahi kuvuna. Trans Nzoia mvua ni moja ndefu. Unapanda Machi au Aprili, unavuna kuanzia Oktoba. Ukikosea mwezi mmoja, umekosa mwaka.

Vinavyotunzwa

Mlowezi mmoja, Luteni Kanali Hugh Stoneham, alitumia maisha yake kukusanya vipepeo, mimea, vitabu na vyombo vya wenyeji, akaanzisha jumba la makumbusho miaka ya 1920. Alipofariki mwaka 1966 aliliachia taifa mkusanyiko huo, na mwaka 1974 ukapata nyumba mpya mjini Kitale. Mwaka huo huo wa 1974 kinamasi cha Saiwa, si mbali na mji, kikawa hifadhi ya taifa. Ni hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini Kenya, takriban kilomita tatu za mraba. Ilitengwa kwa ajili ya mnyama mmoja: nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu zinazopanuka asizame kwenye tope.

Lakini makumbusho makubwa zaidi yamo midomoni na mikononi mwa watu. Mchezaji wa litungu wa Kibukusu hupiga nyuzi saba huku vijana wakicheza kamabeka kwa kutikisa mabega. Baada ya mazishi ya mzee, msemaji wa kumuse husimama katikati ya halaiki, akatembea huku na huko akisimulia koo zilikotoka, nani alioa wapi, na kosa gani la zamani lisirudiwe. Anazungumza saa nyingi bila karatasi. Hiyo ni maktaba inayotembea, na haifunguliwi kwa mtu yeyote tu.

Nanyi wapenzi wa Kiswahili mna zawadi yenu. Ken Walibora alizaliwa Bungoma mwaka 1965 na akalelewa Cherangani, Trans Nzoia. Katika riwaya yake *Siku Njema*, iliyotoka mwaka 1996, kijana Kongowea Mswahili anasafiri kutoka Tanga hadi Kitale akimtafuta baba yake. Maelfu ya wanafunzi wa Kenya waliisoma shuleni. Ajali ya barabarani ilimchukua Walibora jijini Nairobi Aprili 2020, lakini alikwisha kuuingiza mji wa bara katika fasihi ya Kiswahili, na hakuna wa kuutoa.

Kazi yenu

Sitawaficha mabaya. Ardhi ile iliyonyang'anywa, ikarudishwa nusu nusu, ikauzwa, ikagawanywa, imemwaga damu hata baada ya uhuru. Majirani walifukuzana katika mapigano ya mwaka 1992, na kati ya 2006 na 2008 watu wa Mlima Elgon waliteseka sana. Kila mara chanzo kilikuwa swali lile lile la nani ana haki ya kulima hapa, likijibiwa na watu wasiotaka kusikia historia yote.

Sasa nyinyi ni wengi. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,670,570 Bungoma na 990,341 Trans Nzoia. Shamba alilonunua babu limegawiwa wana, na wana wanawagawia wajukuu. Vipande vinapopungua, watu hupanda mlimani kutafuta nafasi, na msitu ukikatwa kule juu, udongo husombwa na Nzoia hadi Budalang'i, ambako mafuriko huingia nyumba za watu ambao hawakukata mti hata mmoja. Niliwaambia mkumbuke vyanzo viwili vya maji; ndiyo sababu.

Kwa hiyo nawapa kazi. Likizo ijayo, keti na mzee wa kwenu na mzee wa jirani asiye wa kabila lako. Muulize kila mmoja: nani alikuwa anaishi hapa kabla yetu, aliondokaje, nasi tulifikaje? Andika majibu yote mawili kwenye daftari moja. Hayatalingana. Usifute lolote. Mango alichukua desturi ya jirani akawa Mbukusu kamili, na mahindi ya Kitale yalipata nguvu kwa kukutana na mahindi ya mbali. Atakayeitatua shida ya ardhi ya nchi hii atakuwa mtu aliyesoma kurasa zote mbili za daftari hilo, na sioni kwa nini asitoke miongoni mwenu.